Meza ya Mkwe Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Vitambaa tena. Asubuhi nzima tunakunja vitambaa vya mezani visimame kama kofia ya askofu. Bwana Rashidi ndivyo anavyotaka. Meneja mpya wa mesi, bwalo letu la chakula, mtu wa Tanga, kafanya kazi miaka kwenye meli ya watalii huko ng'ambo, sasa katuletea meli katikati ya vumbi la Geita. Watu wanatoka zamu mgodini na matope hadi kwenye kope, wanakuta kofia ya askofu juu ya sahani. Leo mmoja kapengea kamasi. Nimecheka hadi nikaegemea friji.

Sheria zake nyingine ni hizi. Meza ya watu wanane. Kila mtu na meza yake aliyopangiwa, jioni zote, hakuna kuchagua. Dereva wa lori na mjiolojia, fundi umeme na karani, mfahamiane. Huanzi kula mpaka wa mwisho awe ameletewa. Hunyanyuki mpaka wa mwisho awe amemaliza. Simu mfukoni. Na sisi wahudumu tutabasamu, tumtazame mgeni machoni.

Hilo la machoni ndilo balaa langu. Meza namba sita anakaa mkwe wangu.

Kahamishiwa hapa mwezi wa kwanza kutoka Kahama, fundi mitambo. Kamposa binti yangu Kabula, ng'ombe wamekwisha ingia zizini kwa Baba Kabula, ndoa ni baada ya Pasaka. Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani. Hawashikani mkono. Kula mbele ya mwenzio ndiyo aibu ya mwisho. Jina lake hata silitamki. Leo nimpelekee wali, nimtabasamie, nimtazame anavyotafuna? Bora nife.

Kumwambia Bwana Rashidi siwezi. Kambi haitaki ndugu wawili mahali pamoja, mmoja wetu angeondolewa. Nimemwambia magoti yananisumbua, upande wa madirishani ni mbali na jiko. Kaelewa. Mama Shija anahudumia sita mpaka nane. Mimi nahudumia moja mpaka tano. Nikipita katikati naangalia sakafu.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Padre amekuja kambini asubuhi, tumepakwa wote kwenye foleni, helmeti mikononi. Bwana Rashidi naye yumo kwenye Ramadhani. Anaonja mchuzi kwa kuunusa tu. Nimemwonea huruma.

Kabula ametuma mfuko na dereva wa gari la kwetu Runzewe. Michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Ameipika na karanga, kavu, nzuri, ya kula kazini. Kaniambia kwa simu: "Mama, yako ni kidogo, mfuko mkubwa ni wa mwenyewe." Huyo mwenyewe hatajwi na mimi, lakini yeye hata kumtaja anaona haya. Mtoto mzima wa miaka ishirini na nne, fundi cherehani anayegombana na wateja mchana kutwa, akifika kwa huyo mtu anakuwa kama msichana wa komunyo.

Mfuko nimempa Mama Shija aupeleke. Siwezi mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Mkwe wangu ana adabu. Lazima niliandike hili. Leo nimepita na trei ya vikombe, nikasikia meza yao wanacheka, mara kimya, mara kiti kinakwaruza. Amenigeuzia mgongo. Hakuna aliyemfundisha, hakuna aliyemwambia napita. Vijana wa sasa wangapi wanafanya hivyo? Wengine wanamsalimia mama mkwe kwa kumpigapiga bega.

Nimempigia Kabula nikamweleza. Amefurahi, halafu kasema siku hizi simu za mwenyewe ni chache. Nikamwambia ni zamu. Watu wanatoka huku hawajui ni Jumanne au Alhamisi. Mwanaume anayegeuza kiti kwa ajili ya mama yako hakutupi wewe.

Ijumaa, 14 Machi

Mkwe ameomba michembe tena!

Mama Shija ndiye aliyeleta ujumbe, kwa sauti ya chini, hakucheka. Mimi ndiye niliyecheka. Mwanaume akiomba chakula cha mkono wako mara ya pili, umeshamshika. Nimempigia Kabula papo hapo, nimesimama kwenye magunia ya mchele. Kapiga kelele. Kasema atapika usiku huu huu na safari hii ataongeza karanga.

Nimesali kumshukuru Mungu. Nina watoto watatu, huyu ndiye niliyemwogopea zaidi. Anapenda kwa moyo wote, hana akiba.

Jumanne, 18 Machi

Uchovu. Meza namba sita ndiyo ya mwisho kunyanyuka kila siku. Sheria ya Bwana Rashidi inasema wote wangoje, na wenzao wanangoja, na sisi tunangoja nyuma yao na mafagio. Nimemwuliza Mama Shija nani huyo anayekula taratibu hivyo. Kasema ni dada mmoja wa maabara, hali yake si nzuri, chakula hakimpiti. Nikasema pole yake, apewe uji. Mama Shija akaniangalia muda mrefu.

Halafu kasema: "Mama Kabula, siku moja inua kichwa unapopita."

Nikamjibu nikiinua kichwa nitavunja mila na sahani kwa pamoja. Hakucheka. Ana mambo ya nyumbani nadhani. Mumewe yule.

Ijumaa, 21 Machi

Michembe ya pili imefika. Mfuko mkubwa kuliko wa kwanza. Kabula hana hata muda wa kulala, ana sare za shule za kushona, lakini amekaa jikoni kwa ajili ya mtu huyu. Nimemkabidhi Mama Shija. Kaupokea kana kwamba nimempa mkaa wa moto.

Sato kutoka Nkome leo, Ijumaa za Kwaresima. Nimesafisha hadi vidole vinanuka ziwa.

Jumatano, 26 Machi

Kabula kapiga asubuhi. Matangazo ya ndoa yataanza kusomwa kanisani baada ya Pasaka, Jumapili tatu mfululizo, na yeye anaogopa kusikia jina lake likisomwa. Anaogopa kwa furaha. Ameuliza kama mkwe amepokea mfuko. Nikasema kapokea. Ameuliza kasemaje. Nikasema sijui, mimi na yeye hatuongei, unajua. Kasema: "Angalau wewe unamwona kila siku, mama."

Nikamwambia simwoni, mwanangu. Nasikia kiti tu.

Jumamosi, 29 Machi

Sijui nianzie wapi. Nitaandika hivyo hivyo.

Mama Shija kaomba ruhusa ghafla mchana. Tumbo, kasema. Meza zake nikaachiwa mimi na msichana mgeni. Nikamwomba huyo msichana achukue sita, nikachukua saba na nane, nikawapa mgongo sita jioni nzima. Vizuri. Tumefika mwisho.

Bwana Rashidi akatoka jikoni na keki. Kwenye meli, kasema, meza ikiwa na jambo la furaha wahudumu wote wanakwenda na keki, wanapiga makofi, wanaimba, mkubwa wao ndiye anaishika. Mkubwa ni mimi. Umri wangu ndio ulionipa keki. Nikauliza meza gani. Kasema sita. Nikataja magoti. Kasema hatua chache tu, mama, ni furaha.

Nikajiambia: pengine ni ya yule dereva wao. Siku ya kuzaliwa. Nitainamisha uso, nitaweka keki, nitarudi. Nikavuta kilemba mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa naangalia keki tu. Ilikuwa ya rangi ya waridi. Makofi yanalia, wenzangu wanaimba, nikaona ukingo wa meza, nikaona mikono ya watu, nikaweka.

Ndipo Bwana Rashidi akatangaza mesi nzima isikie. Wenzetu wa meza hii wametuletea habari njema. Tunawapongeza Doreen wa maabara na Masanja wa karakana, wanatarajia mtoto, na mwezi ujao wanafunga ndoa bomani.

Masanja. Ndilo jina lake. Sijawahi kulitamka, na sasa nimeliandika.

Watu wanapiga vijiko kwenye vikombe. Sikuinua uso. Hata hapo sikuinua uso! Nilikuwa nimesimama mbele ya mwanaume aliyemla mwanangu moyo, nikawa bado nachunga adabu. Na yeye pia. Nilimwona mikono tu. Alichukua kile kitambaa cha kofia ya askofu akajifunika nacho uso wote. Mikono ya Doreen ilikuwa inatafuta kisu. Maskini hakujua mimi ni nani.

Nimerudi jikoni. Nimeosha sufuria lililokuwa limekwisha oshwa.

Jumapili, 30 Machi

Sikwenda ibada. Nina hasira na kila mtu.

Mama Shija kaja na macho mekundu. Alijua. Mesi nzima ilijua, isipokuwa hawakujua Masanja ni nani kwangu. Yeye alijua vyote viwili. Alijua hata habari ya keki, ndiyo maana tumbo likamuuma. Kasema hakuwa na mdomo wa kuniambia. Kasema alinidokeza. Alinidokeza! Niinue kichwa! Nimemwambia mtu akiona nyumba ya mwenzie inaungua hadokezi.

Nikauliza michembe. Akalia. Ilikuwa ya Doreen. Mimba inamkataza kila kitu isipokuwa michembe. Mwanangu amekesha akipika, na mimi nimeshangilia juu ya magunia.

Alinigeuzia kiti. Nilidhani ni heshima. Alikuwa anajua siwezi kutazama, basi akakaa pale jioni zote bila wasiwasi wowote. Mtu yeyote mwenye macho angemwona. Mila yangu ndiyo iliyomfungia pazia.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Bwana Rashidi kapika pilau mwenyewe, kafurahi, kaniletea sahani kwa mikono miwili. Hajui alichonifanyia. Sikuwa na nguvu ya kumchukia. Nimekula vijiko vitatu, nikasema ahsante.

Jioni nilikuwa stoo nahesabu mafuta. Nikasikia hatua nje, zikasimama upande wa pili wa mabati. Halafu sauti yake. Mara ya kwanza kuisikia ikinisemesha mimi.

"Shikamoo mama."

Akasema amekosa. Akasema haikuwa kusudi, walipangwa meza moja na mazoea yakazaa. Akasema anaomba mtu mwingine asimwambie Kabula, atamwambia mwenyewe. Nikasikia anapumua. Akangoja. Alikuwa amesimama kaupa ukuta mgongo, najua, kwa sababu sauti ilikuwa inakwenda mbali na mimi. Hata katika uovu ana adabu. Hilo linanichoma kuliko matusi.

Sikusema neno. Mama mkwe hajibizani na mkwe. Nilitaka kupiga lile bati mpaka lipasuke.

Alhamisi, 3 Aprili

Hajamwambia. Kabula kapiga, sauti ya kawaida, anauliza vitambaa vya kichwa vya mama zake wadogo, bluu au kijani. Nikasema kijani. Nikasema mtandao mbaya, nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzuri.

Mshenga wetu nimempigia. Yuko msibani Mhunze, kasema tungoje arudi mambo yaende kwa utaratibu. Utaratibu! Nimeshiba utaratibu.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimetazama.

Nimemaliza kugawa, nikaenda kwenye dirisha la jiko, lile la kupitishia sahani, nikavua kilemba. Nikamtazama Masanja usoni. Nilijiambia kuanzia leo si mkwe wangu, nitamtazama nitakavyo, na akiinua macho akutane na yangu, na chakula kimkwame.

Hakuinua macho. Alikuwa anamtolea yule msichana miba ya samaki.

Sato mzima alikuwa mbele yake. Anachambua kwa vidole, taratibu, anatoa mwiba mmoja mmoja anaupanga pembeni, kipande kikiwa safi anakisogeza kwenye sahani ya Doreen. Hamwangalii. Hawaongei hata. Ni kitu alichozoea. Msichana anakula na kusimama, anakula na kusimama, mkono tumboni. Wenzao sita wanangoja bila kunung'unika. Yeye sahani yake haijaguswa. Msichana alipotikisa kichwa kwamba kashiba, ndipo akaanza kula mabaki, akatabasamu kidogo, na shavu likafanya kishimo. Sikujua ana kishimo. Kabula hakuniambia.

Nilikwenda kumtazama mwizi, nikaona mume wa mtu. Nimevunjika moyo kabisa. Kama angekuwa mhuni ningejua la kumwambia mwanangu. Ningemwambia umeepuka. Huyu si mhuni kwa mwenzie. Anampenda. Ni wangu tu ambaye hakumpenda hivyo, na sijui kwa nini, sioni kasoro yake, mimi nimemzaa.

Nimeomba ruhusa. Kesho kutwa naenda Runzewe.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemwambia.

Alikuwa kibandani, Jumapili ile ile, sare za watu zinamngoja. Aliponiona bila mzigo akajua kuna jambo, lakini alidhani ni baba yake. Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Nikasema yote kwa mfululizo, haraka, kama mtu anayebandua plasta. Doreen. Mtoto. Bomani. Sikusema keki. Keki nitazikwa nayo.

Hakusimamisha cherehani. Alishona ule mshono mpaka mwisho, akakata uzi, akakunja sketi ya mtoto wa watu vizuri. Halafu:

"Michembe alikula nani?"

Nikaokota uzi miguuni kwangu. Akaelewa.

Akaniuliza imekuwa muda gani. Nikasema sijui, pengine tangu alipofika. Hapo akanigeukia. Hajawahi kuniangalia hivyo. Akasema: "Ulikuwa mle ndani kila siku, mama. Kila siku! Ulikuwa unaangalia nini?"

Nikamwambia ukweli. Nilikuwa naangalia sakafu.

Akacheka kicheko kibaya, akaingia ndani, akafunga mlango. Nimekaa kibandani mpaka mteja akaja kuchukua gauni lake. Nimemtafutia mwenyewe kwenye rundo.

Jumatatu, 7 Aprili

Baba Kabula nimemkuta shambani anapalilia mahindi. Kanisikiliza akiwa ameegemea jembe. Yeye si mtu wa maneno. Akauliza kama mtoto amekula. Nikasema hapana. Akapalilia mstari mzima hadi mwisho wa shamba, akarudi na mwingine, ndipo akasema: "Ng'ombe warudi wote. Sitaki ndama wao azaliwe kwangu." Kuna mwenye mimba kwenye wale, ndiye aliyempenda zaidi. Alikuwa ameshampa jina.

Kabula hasemi na mimi. Nimeacha uji mlangoni, nikapanda gari kurudi kazini.

Jumatano, 16 Aprili

Masanja kaondoka kambini na Doreen wake. Wameomba uhamisho, au wameacha, watu wanasema hivi na vile. Meza namba sita wamewekwa mafundi wapya wawili, wanakula kwa kelele, wananyanyuka kabla ya wenzao, Bwana Rashidi anahangaika nao. Sasa naweza kuihudumia. Hakuna kinachonizuia. Nimeifuta leo mara ya kwanza. Ni meza tu, ina alama ya sufuria la moto pembeni.

Mama Shija nimemjibu salamu yake. Siyo zaidi ya hapo. Labda baadaye.

Kabula bado hapokei simu zangu. Mshenga kasema ng'ombe wamefika kwao salama, na wazazi wa Masanja wamelia kwa aibu, hawakujua lolote. Nimesikia hilo, sikufarijika.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nimepewa siku tatu.

Kanisani tulikaa benchi moja, mimi na Kabula, Baba Kabula katikati. Padre hakusoma matangazo ya ndoa leo, lakini nilikuwa na hofu hivyo hivyo. Watu walitusalimia kwa upole mno. Kabula aliitikia kila mtu.

Tuliporudi akaingia jikoni bila kuitwa, akakaa kwenye kigoda, akaanza kunyonyoa kuku. Wiki mbili hajakaa karibu nami. Nilikata vitunguu. Kapungua, mifupa ya shingo inaonekana. Tulifanya kazi hivyo, sijui muda gani, manyoya yananata kwenye vidole vyake.

Halafu kauliza, bila kuniangalia, polepole:

"Baada ya kujua, ulimwona tena? Akiwa naye?"

Nikaendelea kukata.

"Nataka kujua tu, mama. Alikuwa anamfanyia nini. Alikuwa anafurahi?"

Nikaona tena vile vidole, mwiba mmoja mmoja. Nikaona kishimo cha shavu. Nikamwambia mama mkwe hamtazami mkwe, mwanangu, unajua hilo. Sikuona chochote. Mpaka anaondoka sikuwahi kumwona uso.

Akatikisa kichwa. Akapumua. Akasema labda ni vizuri hivyo, akanyoosha mkono nimpe kisu, akaanza kumkata kuku. Tumekula watatu, Baba Kabula akampa firigisi, akaila yote.

Nimemdanganya mwanangu siku ya Pasaka. Akiuliza tena, nitamdanganya tena.